Mpini ndio unaoamua kisu kinakata vipi: tujadili umbo, unene na mshiko

#1 Mchonga (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya visu ninayoisoma inaishia kwenye chuma. Chuma gani kinashika makali, kinolewe kwa pembe gani, kinapata kutu au hakipati. Ni maswali mazuri, ila naona tunairuka nusu ya kisu. Kuna kipimo cha kimataifa cha makali, ISO 8442-5. Bapa linafungwa kwenye mashine, linakwenda mbele na nyuma dhidi ya pakiti ya karatasi zenye chembe za silika, halafu linapimwa kwa unene wa karatasi uliokatika. Kwa kulinganisha makali, kipimo hicho kinatosha kabisa. Lakini mashine haina kiganja. Haitoki jasho, haichoki, haipati malengelenge, na haihitaji kujua makali yameelekea wapi. Sisi tunakata kwa mkono, na mkono haugusi chuma, unagusa mpini.

Hoja yangu ni hii: visu viwili vikiwa na bapa la aina moja na makali yaleyale, mpini ndio utakaoamua nguvu yako inafika kiasi gani kwenye makali na inafika kwa usahihi gani. Na kwa mtu mwenye kazi za aina nyingi, mpini bora ni ule usioamrisha vidole vikae wapi. Naomba nieleze kwa nini, halafu wenye uzoefu mjazie nyama.

Tuanze na mkono wenyewe. Mwaka 1956 John Napier, mtaalamu wa anatomia wa Uingereza, aligawa namna tunavyoshika vitu katika mafungu mawili. Kuna mshiko wa nguvu, ambao vidole vinakibana kitu dhidi ya kiganja, na kuna mshiko wa umakini, ambao kitu kinakaa kati ya gumba na ncha za vidole. Nyundo ni ya fungu la kwanza, kalamu ni ya fungu la pili. Kisu kinahama kutoka fungu moja kwenda jingine ndani ya kazi moja: sasa hivi unakata tawi kwa ngumi nzima, baada ya muda mfupi unatoboa tundu dogo kwa ncha ukiwa umeshika kwa vidole vitatu. Mpini uliochongwa kwa ajili ya mshiko mmoja unautesa mshiko mwingine.

Hapo ndipo unene unapoingia. Mwongozo wa kuchagua zana za mkono uliotolewa mwaka 2004 kwa kushirikiana na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, unashauri kipenyo cha mm 32 hadi 51 kwa zana za nguvu, na mm 6 hadi 13 kwa zana za umakini. Kisu hakiwezi kukaa kote kuwili, kwa hiyo kinatafuta njia ya kati. Ndiyo maana mipini mingi inayofanya kazi vizuri si ya duara. Ina kimo kikubwa kidogo kutoka upande wa mgongo hadi upande wa makali, mathalani mm 28, na upana mdogo zaidi, mathalani mm 20. Ukiwa mwembamba mno, ncha za vidole zinachimba kiganja, na nguvu unayotumia kuuzuia usigeuke inazidi ile ya kukatia. Ukiwa mnene mno, vidole havifungi, na kidole cha mwisho, ambacho ndicho kinachoishikilia nyuma ya kisu, kinaachia kabla ya vingine.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: umbo la mpini ukiukata katikati na kuutazama kwa mbele. Makali yakikutana na fundo la mti au mfupa, nguvu haipiti katikati ya mpini. Inapita pembeni, na kisu kinataka kujiviringisha mkononi. Mpini wa duara unazuiwa na msuguano wa ngozi peke yake, basi. Ukiingia maji, mafuta au jasho, huo msuguano umekwisha. Mpini wenye umbo la yai, wenye kimo cha mm 30, una wenzo wa mm 15 juu na mm 15 chini ya katikati yake, na ili uviringike ni lazima kwanza uvifungue vidole vyako. Kwa hiyo unaweza kuushika kwa ulegevu na bado ukautawala. Mshiko legevu ndio unaokuwezesha kufanya kazi kwa muda mrefu.

Faida ya pili ya yai ni kwamba mkono unajua makali yalipo bila macho kutazama. Chukua kisu nyuma ya mgongo wako, kikiwa ndani ya ala, kisha ueleze makali yameelekea upande gani. Kwa mpini wa yai jibu linakuja papo hapo.

Najua kuna watakaonitajia Opinel, kile kisu cha kukunja cha Savoie, Ufaransa, kilichoanza mwaka 1890. Mpini wake uko karibu na duara, na watu wanaupenda, nami naelewa kwa nini. Kwa kazi nyepesi duara linaviachia vidole vikizungushe kisu kirahisi, na kitako chake kimepanuka kidogo kuupa mkono kituo. Nikikaa nao kuchonga mti mgumu kwa muda, najikuta naubana zaidi na zaidi. Hapo ndipo duara linaposhindwa.

Jambo la tatu, halafu niwaachie uwanja: umbali kati ya ngumi na mahali makali yanapoanzia. Ukishika kwa ngumi na kukata kwa kuizungusha, nguvu kubwa iko karibu kabisa na mkono. Chukulia katikati ya ngumi ndipo mhimili ulipo. Makali yakianza sm 5 kutoka hapo, unapata nguvu fulani. Yakianza sm 7.5 kwa sababu ya kikingio kinene (kile kizuizi kati ya mpini na bapa kinachozuia mkono usiteleze kwenye makali) na kipande cha chuma kisichonolewa, juhudi ileile ya mkono inakupa theluthi mbili tu ya nguvu ile. Hakuna chuma cha bei kitakachokurudishia theluthi hiyo. Kwa kisu cha kuchongea, nataka makali yaanze pale kidole cha shahada kinapoishia.

Karibuni.

#2 Kinoo

Mkuu Mchonga, uzi mzuri. Lakini naomba nikupinge kidogo. Kisu changu kina mabonde manne ya vidole kwenye mpini. Nikikishika, kinakaa kama kimezaliwa mkononi mwangu. Sijawahi kukisikia kikiteleza. Kwa nini useme mpini wa namna hiyo ni mbaya?

#3 Mchonga

Mkuu Kinoo, sikatai kwamba kinakaa vizuri. Mabonde ya vidole ndiyo umbo linalopendeza zaidi ndani ya sekunde za kwanza, mkono ukiwa umetulia. Mtihani uko kwenye kazi.

Kwanza, mabonde yana kipimo kimoja na viganja vina vipimo vingi. Vidole vyako vikilingana nayo, umebahatika. Mwenye vidole vinene kuliko vyako anakalia vile vilima vinavyotenganisha mabonde, na shinikizo lote linaangukia hapo.

Pili, hata mkono uliolingana nayo unahama. Sogea mbele uweke gumba juu ya mgongo wa bapa. Rudi nyuma ushike kitako ili upate mkupuo. Geuza makali yatazame kwako, kama unavyofanya ukimenya. Kila ukihama nusu kidole, vilima vinaingia chini ya mifupa ya vidole. Kwenye mshiko wa makali juu, mabonde yako yanatazama kiganja badala ya vidole.

Tatu, ukikaza mkono kwa nguvu, vidole vinajibana pamoja, ndivyo mkono unavyopata nguvu zake. Vilima vinavitenganisha.

Jaribu hivi: paka kiganja vumbi la chaki, shika kisu na ukate kitu kigumu kwa mshiko wako wa kawaida, kisha utazame mpini. Mahali chaki ilipobanwa sana ndipo mzigo ulipo. Mpini mzuri unachafuka karibu sawasawa. Wenye mabonde, mara nyingi unaona mistari minne au mitano iliyokolea na sehemu nyingine safi kabisa. Mistari hiyo ndiyo malengelenge yajayo.

Ila nikubaliane nawe kwa jambo moja. Bonde *moja*, la kidole cha shahada, mbele kabisa, mara nyingi lina msaada. Linauambia mkono umefika mwisho, na linazuia kuteleza kuelekea makali bila kuvibana vidole vingine.

#4 Jiko Kubwa

Wadau, mimi ni mpishi, nakata kutwa nzima. Naona mleta mada anaongea kama mtu wa kuchonga miti. Jikoni wengi wetu hatushiki mpini kwa ngumi. Tunalibana bapa lenyewe kati ya gumba na kidole cha shahada, mbele ya mpini, na vidole vitatu vilivyobaki ndivyo vinavyouzunguka mpini. Kwa mshiko huo mpini una kazi gani? Tazama kisu kipana cha Kichina: mpini wake ni kigogo kifupi cha duara, hakina tumbo, hakina bonde, na mtu anakatia kila kitu.

#5 Mchonga

Mkuu Jiko Kubwa, umeleta mfano ninaoupenda. Kisu cha Kichina kina bapa pana mno, na upana huo ndio unaofanya kazi ambayo kwenye visu vingine inafanywa na mpini. Vidole vimelishika bapa pande mbili, kwa hiyo hakiwezi kujiviringisha, na mkono unajua makali yalipo kwa sababu umelishika bapa lenyewe. Mpini wa duara unasamehewa.

Lakini mpini bado una kazi tatu kwenye mshiko wako. Moja ni mizani. Ukibana bapa, unataka uzito wa kisu ukutane pale vidole vinapobana, au mbele yake kidogo. Mipini ya Kijapani ya kienyeji ni ya mti mwepesi wa jamii ya magnolia, msuka, yaani ule mkia wa chuma wa bapa unaoingia kwenye mpini, umefichwa ndani, na mbele kuna noleo, yaani pete ya kuubana mpini, la pembe ya nyati. Mpini huo hauna uzito wa maana, kwa hiyo uzito unakwenda mbele na bapa linashuka lenyewe. Mipini ya Kizungu yenye msuka mpana hadi kwenye kitako na ribiti tatu ni mizito, nayo inaurudisha uzito nyuma. Hakuna iliyo mbaya kati ya hizo. Ni hisia mbili tofauti, na mpishi aliyezoea moja anaisikia nyingine mara moja.

Ya pili ni ile sehemu mpini unapokutana na bapa. Hapo ndipo kidole cha kati kinapolala. Visu vingi vina kona kali ya chuma mahali hapo, au mgongo wa bapa haukusuguliwa. Ukikata kutwa nzima, ni sugu kwenye kidole cha shahada. Nikitathmini kisu cha jikoni, naanza kupapasa hapo kabla sijagusa makali.

Ya tatu ni nafasi ya vifundo vya vidole. Mpini ukiwa chini sana ukilinganisha na makali, vifundo vinagonga ubao kabla makali hayajafika. Ndiyo maana visu virefu vya mkate mara nyingi vina mpini ulioinuliwa juu ya mstari wa makali.

Na wenye mkono wa kushoto wawe macho. Mipini ya Kijapani yenye umbo la herufi D ina ukingo upande mmoja ili ukae chini ya mikunjo ya vidole vya mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto ukingo unaangukia mahali pengine kabisa. Wachukue ya pembe nane au ya yai.

#6 Jiko Kubwa

Hapo kwenye kona umenigusa, mkuu. Sugu ninayo pale pale ulipotaja. Nilidhani ni alama ya kazi tu.

#7 Mfupa

Naomba na mimi nichangie. Kazi yangu ni kutoa nyama kwenye mifupa. Mikono ina mafuta na maji muda wote, na mshiko haubadiliki sana. Mipini yetu ni ya plastiki yenye mikwaruzo, imenenepa katikati, na mbele ina uvimbe mkubwa wa kuzuia mkono usipande kwenye makali. Huo si mpini "usioamrisha" hata kidogo, na sitaki mwingine. Shida yangu ni kifundo cha mkono. Jioni kinawaka moto.

#8 Mchonga

Mkuu Mfupa, kwa kazi yako uko sahihi, na nashukuru umelisema wazi. Mtu mwenye mshiko mmoja kutwa nzima, tena mkono unateleza, anahitaji mpini uliotengenezwa kwa mshiko huo. Hoja yangu ya mpini huru ni ya kisu cha kazi nyingi.

Kuhusu kifundo cha mkono, tatizo mara nyingi liko kwenye *pembe* ya mpini kuliko unene wake. Nguvu ya kushika inapungua kifundo kikipinda, hasa kikipindia upande wa kiganja. Jaribu sasa hivi: bana kidole cha mkono mwingine ukiwa umenyoosha kifundo, kisha ukipinde kabisa na ubane tena. Tofauti ni kubwa mno. Kwa hiyo mtu aliyepinda kifundo anatumia misuli mingi zaidi kupata mshiko uleule, na kano zinasuguana ndani ya njia nyembamba. Erwin Tichauer, mmoja wa waliojenga elimu ya zana na mwili, alifahamika kwa kutetea kwamba ipindwe zana, usipindwe mkono. Koleo zake zilizopinda zilitoka kwenye wazo hilo. Mwaka 1982 Thomas Armstrong na wenzake walichunguza kiwanda cha kuchakata kuku Marekani, na miongoni mwa mapendekezo yao kulikuwa na kisu chenye mpini uliosimama kama wa bastola, ili kifundo kibaki kimenyooka mkono ukikata kwenye nyama iliyoning'inizwa.

Lakini angalia, pembe inategemea nyama iko wapi. Mpini wa bastola unaonyoosha kifundo chako kwenye nyama inayoning'inia utakipinda kifundo hichohicho ukikata juu ya meza. Kabla ya kubadilisha mpini, jaribu kuinua au kushusha meza. Na kama kuna mafunzo ya kunoa kazini kwako, yafuate: makali butu yanaongeza nguvu ya kukatia, na nguvu ya kushika inapanda pamoja nayo. Maumivu yakiendelea usiku au vidole vikifa ganzi, nenda kwa daktari. Mpini hautibu hilo.

Tukiwa kwenye pembe, nataka kukitaja kisu kimoja ambacho nadhani kila anayependa zana akijue: ulu, kisu cha wanawake wa Inuit wa Aktiki. Bapa lake lina umbo la nusu mwezi, na mpini uko *juu* ya bapa, sambamba na makali. Kwenye kisu cha kawaida, makali yako mbele ya ngumi, kwa hiyo kila unapobonyeza kwa ncha, kifundo kinafanya kazi ya ziada kuzuia kisu kisiinuke. Kwenye ulu, kiganja kiko juu ya makali moja kwa moja. Nguvu inashuka wima, kifundo kimenyooka, na mtu anakata kwa kuyumbisha mkono. Watengeneza ngozi wana kisu cha mviringo kinachofuata wazo hilohilo. Hapo ndipo unaona kwamba umbo la mpini ni pamoja na *mahali* ulipo kuhusiana na makali, na mikunjo ya mpini ni sehemu ndogo tu ya hadithi.

#9 Mkata Vichaka

Mbona panga mmelisahau? Mimi natumia panga refu la kufyekea. Mpini wake una kama ndoano nyuma, unajipinda kuelekea chini. Nimeona watu wanaikata ile ndoano eti inawasumbua.

#10 Mchonga

Wasiikate mkuu. Zana inayorushwa ina sheria tofauti na kisu kinachosukumwa. Panga likizunguka, linataka kuruka kutoka mkononi kwenda mbele, na mvuto huo unaongezeka kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Pasipo ndoano, kinachozuia ni kubana tu, na aliyebana kwa nguvu zote mkono wake unakuwa mgumu kama ubao, kasi inakufa, na kila pigo linapanda hadi kwenye kiwiko. Ndoano inaegemea kidole cha mwisho, kwa hiyo unaweza kulishika panga kwa ulegevu, ukaanza pigo kwa vidole vya mbele na kulimalizia kwa kuvifunga vya nyuma wakati makali yanapofika. Khukuri, kisu kikubwa kilichopinda cha Nepali, imelitatua hilo kwa kitako kilichopanuka pande zote.

Kinachoumiza watu kwenye ndoano mara nyingi ni ncha yake kuwa kali au fupi mno kwa kiganja chao. Izungushe kwa tupa na msasa, uiache pale.

Na mpini wa panga usiwe mwembamba. Mipini mingi inaachwa bapa kama ubao kwa sababu vipande viwili vya mti au plastiki vinabanwa tu kwenye chuma kwa ribiti. Kona zake nne ndizo zinazotoa malengelenge.

#11 Mpya Humu

Samahani wakuu, mimi ni mgeni. Nataka kisu kimoja cha kazi za nje, nimechanganyikiwa na kikingio. Wengine wanasema kisu kisicho na kikingio ni hatari, wengine wanasema kikingio ni urembo. Nani mkweli?

#12 Mchonga

Karibu sana ndugu. Jiulize mkono unateleza kwenda mbele wakati gani. Ni pale unaposukuma *ncha* ndani ya kitu kigumu ukiwa umeshika kwa ngumi. Ncha inakwama, mkono unaendelea. Kwenye kuchonga, kukata kamba, kumenya au kukata juu ya ubao, nguvu inaelekea upande wa makali, haielekei mbele.

Ndiyo maana puukko, kisu cha Kifini ambacho kimetumika kwa kazi za kila namna kwa vizazi vingi, hakina kikingio. Mpini wake uko laini, una tumbo kidogo, unamwacha mtu aweke gumba juu ya mgongo wa bapa au asogeze kidole karibu kabisa na makali. Visu vya Mora, Uswidi, vilivyo na mpini mwekundu wa mti, vina umbo la pipa: vinene katikati, vyembamba mbele na nyuma. Umbo hilo linaonekana la kawaida mno hadi mtu analidharau. Lakini tumbo la pipa linajaza kiganja, wembamba wa mbele unawapa gumba na shahada mahali pa kushika, na wembamba wa nyuma unaviacha vidole viwili vya mwisho vifunge. Mkono mdogo unalishika karibu na ncha za pipa, mkono mkubwa unalijaza. Ukiligeuza makali juu, bado ni pipa. Nikiambiwa nichague umbo moja la kumpa mtu nisiyemjua mkono wake, nitachagua hilo.

Kikingio cha pande mbili, juu na chini, kinakuzuia gumba kupanda mgongo, kinagonga ubao, na kinayasogeza makali mbali na ngumi, ile hesabu ya theluthi niliyoitoa mwanzoni. Kwa mgeni, au kwa mtu anayefanya kazi mikono ikiwa na maji au baridi, nashauri kikingio kidogo cha upande wa chini tu, kilichoungana na mpini kwa mteremko laini. Kinatosha kuujulisha mkono kwamba umefika mwisho.

#13 Kinoo

Na visu vya kukunja? Vingi ni bapa kama rula.

#14 Mchonga

Kisu cha kukunja kina mpini unaofanya kazi mbili: ni mpini na ni ala. Lazima bapa liingie ndani yake, na lazima uingie mfukoni. Kwa hiyo kinakuwa chembamba na chenye kimo kirefu, na kingo zake zinabana. Adui mkubwa ni kile kibanio cha mfukoni, kipande cha chuma kinachokaa katikati ya kiganja. Kama skrubu zinatoka, kitoe siku ya kazi ndefu. Kwa kukata kidogo kidogo hutaona tofauti.

#15 Mpya Humu

Asante mkuu, nimeelewa. Swali la mwisho: kama mtu ana kisu kizuri ila mpini unamuumiza, anaweza kuurekebisha mwenyewe au atauharibu?

#16 Mchonga

Anaweza, na ndiyo kazi inayolipa kuliko kununua kisu kipya.

Kwanza funga makali. Yafunike kwa kipande cha ngozi au karatasi ngumu, uzungushie utepe wa gundi mara kadhaa, usifanye kazi na makali wazi. Kisha fanya jaribio la chaki nililomwambia Kinoo, kwa kila mshiko unaoutumia kwenye kazi yako, na uweke alama ya penseli palipobanwa sana. Punguza hapo tu. Tumia tupa laini kwa kona kubwa, halafu msasa wa namba 120, 220, na 400 ukipenda. Kata ukanda mrefu wa msasa na uuvute kuzunguka mpini, mkono huu na huu, kama mtu anayepiga viatu rangi. Ukanda unafuata mviringo na hauachi kona mpya. Simama mara kwa mara ukatie kitu. Ukishaondoa, huwezi kurudisha.

Usisugue hadi mpini ung'ae kama kioo. Mti ulioishia kwenye msasa wa 220 na kupakwa mafuta ya kitani unashika vizuri ukiwa umelowa kuliko uliong'arishwa. Vitambaa vilivyopakwa mafuta hayo vitandaze vikauke mahali wazi, usivikunje na kuvirundika, maana vinaweza kushika moto vyenyewe. Mikwaruzo ya kupitiliza nayo sipendi: inashika vizuri kwa kazi fupi, lakini kwenye kazi ndefu inakuwa tupa inayokula ngozi.

Kama mpini ni wa nyuzi za kioo na resini, kama G10, sugua ukiwa umelowesha kwa maji na uvae barakoa. Vumbi lake si la kuvuta. Kama ni wa plastiki iliyomiminwa, unaweza kuondoa mshono na kona, ila usichimbe sana, maana baadhi ina uwazi ndani.

Mpini ukiwa mwembamba, hapo unaongeza. Ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli ukivutwa na kuzungushwa unaongeza milimita kadhaa na unashika hata ukiwa na maji. Kwa kisu cha jikoni siushauri, kwa sababu uchafu unaingia chini yake na huwezi kuusafisha.

Msuka ukionekana kwenye mgongo wa mpini, pitisha kidole. Mara nyingi mti umenywea na chuma kimejitokeza kidogo tu, na ukingo huo mwembamba ndio unaokata ngozi ya gumba. Telemsha chuma kwa tupa hadi kilingane na mti. Kwenye baridi kali msuka ulio wazi unanyonya joto la mkono, na visu vya Kifini vinauficha kabisa ndani ya mti au ndani ya magome ya mbetula yaliyopangwa na kubanwa pamoja.

Ukimaliza, usikihukumu kwa kukishika tu. Kata nacho kazi yako ya kawaida, hadi uchoke, kisha ufungue kiganja utazame. Wekundu uliosambaa ni sawa. Doa moja jekundu lenye mpaka linakuonyesha pa kurudi na msasa.

#17 Mfupa

Nimepandisha meza kama ulivyosema, mkuu. Nitaleta mrejesho. Na hilo jaribio la chaki nalifanya kesho kabla mikono haijaingia mafuta.

#18 Mchonga

Vizuri mkuu. Ukilifanya, shika kwa namna zote mbili, makali yakitazama chini na makali yakitazama kwako, na uangalie zaidi ule uvimbe wa mbele. Kama chaki imekolea hapo kwenye mishiko yote miwili, maana yake mkono wako unauegemea muda wote, nao umewekwa kwa ajili ya dharura tu. Hapo jaribu kisu chenye mpini mnene kidogo zaidi katikati kabla hujafikiria wenye pembe.